Mtoto njiti, damu ya kuongezewa na ubongo wake

Swali la wiki hii limetoka kwa mama wa Miono, na kwa kuwa si la kwanza la aina yake, nalijibu mbele ya wasomaji wote. Alijifungua mimba ikiwa na wiki 29, mtoto wa kilo moja na robo. Wodini mtoto aliongezewa damu mara mbili. Sasa yuko nyumbani, ananyonya vizuri, na majirani wameanza: mtoto aliyetiwa damu ya watu atakuwa mzito wa akili. Shangazi wa mtoto naye anashikilia kinyume chake, kwamba madaktari walichelewa, na kwamba angepewa damu nyingi tangu siku ya kwanza ubongo wake ungekuwa imara zaidi. Mama anauliza amsikilize nani.

Asimsikilize yeyote kati yao. Ila nikiri kwamba ubishi wao ndio ubishi ambao sisi madaktari tumekuwa nao kwa miaka mingi.

Anza na kiasi cha damu yenyewe. Mtoto wa kilo moja ana damu ya mililita 80 hadi 100 hivi mwili mzima. Haijazi kikombe cha chai. Tukimchukua mililita 5 za vipimo, yaani kijiko kimoja kidogo, ni sawa na kumtoa mtu mzima wa kilo 60 karibu robo lita, na njiti hupimwa mara kwa mara. Tena akiba ya madini ya chuma mtoto huipata kwa mama hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, miezi ambayo huyu hakuimaliza. Mwili wake pia bado ni mvivu wa kutengeneza damu mpya. Kwa hiyo damu kupungua katika wiki za mwanzo ni jambo la kawaida kwa njiti, hata pale ambapo kila mtu wodini ametimiza wajibu wake.

Ubongo unaingiaje hapo? Damu ndiyo inayobeba oksijeni. Ikipungua, moyo wa mtoto hupiga haraka zaidi na ubongo hupelekewa damu nyingi kuliko kawaida ili kufidia. Kuna mahali fidia hiyo inafika mwisho, na hapo chembe za ubongo huanza kuumia. Upande wa pili, mishipa ya damu ndani ya ubongo wa njiti ni myembamba mno na hupasuka kwa urahisi, hasa siku tatu za kwanza. Damu ikisukumwa kwa haraka, shinikizo linaweza kuwa kubwa kuliko mishipa hiyo inavyohimili. Ndiyo maana utaona muuguzi anaipitisha kidogo kidogo kwa saa tatu au nne. Hajazubaa.

Swali gumu lilikuwa hili: tuongeze damu mapema, au tusubiri ishuke zaidi? Mwaka 2005 watafiti wa Iowa, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto 100. Waliosubirishwa walionekana kuumia ubongo zaidi. Wengi wetu tukaona jibu limepatikana. Lakini baadhi ya watoto hao walipofikia umri wa miaka 12 hivi na kupigwa picha za ubongo, waliopewa damu kwa wingi ndio waliokutwa na ubongo mdogo zaidi, hasa wasichana. Watoto wenyewe walikuwa wachache, na mambo yalibaki hewani kwa muda mrefu.

Mwaka 2020 yakatoka matokeo ya tafiti mbili kubwa, moja ya Marekani yenye watoto 1,824 na nyingine ya Ulaya yenye watoto 1,013, wote wakiwa na uzito usiozidi kilo moja. Walifuatiliwa hadi umri wa miaka miwili hivi. Katika ule wa Marekani, waliofariki au kupata ulemavu wa ukuaji wa ubongo walikuwa asilimia 50.1 kwa waliopewa damu mapema, na asilimia 49.8 kwa waliosubirishwa. Wa Ulaya ulikuta asilimia 44.4 na 42.9. Hakuna tofauti ya maana. Tambua tu kwamba kusubiri huko kulikuwa na mpaka: kwa mtoto anayepumua mwenyewe, kuanzia wiki ya tatu, damu ilipofika chini ya 7 aliongezewa. Hakuna aliyeachwa apauke mpaka azimie.

Kwa hiyo shangazi hana hoja, kwani damu ya ziada haiongezi akili. Majirani nao hawana hoja, kwa sababu mtoto ambaye damu yake imeshuka kupita mpaka, anayekosa pumzi au asiyeweza tena kunyonya, damu hiyo ndiyo inayomwokoa. Na haichukuliwi ovyo: inapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Pia haiuzwi. Ukiombwa kusaini, uliza damu ya mtoto iko ngapi, na daktari ameona dalili gani. Ni haki yako kuuliza, na daktari mzuri hakasiriki.

Mimi ninachokazania zaidi ni yale yanayopunguza haja ya kuongezewa. Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisikatwe kabla ya dakika moja kupita tangu mtoto azaliwe, kama hahitaji kusaidiwa kupumua papo hapo. Katika muda huo damu iliyo kwenye kondo humrudia mwenyewe, na njiti wa namna hiyo huhitaji kuongezewa mara chache zaidi. Haigharimu hata senti.

Jingine ni joto. Kutoka Miono hadi hospitali ya Msoga ni safari ya kutoka barabara kuu, kuvuka Wami na kuendelea, na njiti aliyefungwa kanga tu hufika amepoa. Mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo kupitia Muhimbili, ulionyesha mwaka 2021 kwamba kuanza kumbeba hivyo mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa robo kwa watoto wa kilo moja hadi chini kidogo ya 1.8.

Na mama mjamzito ukihisi uchungu kabla ya wakati, usingoje kupambazuke. Sindano za kukomaza mapafu, ukizipata mahali penye huduma kamili, hupunguza pia hatari ya damu kuvuja kwenye ubongo wa mtoto.

Sasa mama wa Miono, akili ya mwanao huijui kwa kuhesabu chupa za damu. Itazame kwa hatua zake, ukitoa zile wiki 11 alizowahi. Akitimiza miezi sita ya kuzaliwa, mhesabie kama mtoto wa miezi mitatu na nusu hivi: je, anakufuata kwa macho, anatabasamu ukimsemesha, shingo inakaza? Mpe dawa ya madini ya chuma kama ulivyoelekezwa hospitali, usiikatishe kwa sababu choo kimekuwa cheusi. Siku ya kliniki nenda na kadi pamoja na karatasi ya ruhusa iliyoandikwa tarehe alizoongezewa damu, na mwombe muuguzi ampime pia mzunguko wa kichwa, si uzito peke yake.