Kinachomsukuma Mtu Kutetea Uhai wa Mzazi

Buguruni haiko mbali na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Ni kilomita chache tu, na katika ramani ya Dar es Salaam umbali huo hufunikwa kwa kidole. Lakini mzazi anayetokwa na damu usiku, katika nyumba ya vyumba vya kupanga, huupima umbali kwa dakika na kwa nauli. Jirani mwenye gari hukaa mtaa wa pili. Asiye na jirani wa namna hiyo hungoja.

Mwili haungoji. Kondo la nyuma likisha kutoka, misuli ya mji wa mimba hujikaza na kuibana mishipa ya damu iliyoachwa wazi. Misuli ikilegea, mama aweza kufa katika muda wa saa mbili. Aliyepungukiwa damu tangu mwanzo, kwa malaria au kwa chakula duni, huuawa na kiasi ambacho mwenziwe angekistahimili. Hivyo ndivyo umaskini unavyoingia katika fiziolojia.

Ni nini basi kimsukumacho mtu kujitolea kwa kazi hii? Wengi hujibu kuwa ni huruma. Huruma ni njema, ila huchoka, na wodi ya wazazi haina nafasi ya kuomboleza. Kinachodumu zaidi ni kujua kwamba kifo kile kingezuilika, na jambo hilo hujulikana kwa kuhesabu. Katika miaka ya 1980, Daktari Godfrey Mbaruku alipekua kumbukumbu za vifo vya wazazi katika hospitali ya mkoa wa Kigoma, alikofanya kazi mwenyewe. Kazi hiyo yataka moyo: atafutaye sababu za vifo wodini mwake aweza kujikuta miongoni mwa sababu hizo. Zikachukuliwa hatua 22, kwa kutegemea hasa vifaa na watumishi waliokuwapo. Kati ya 1984 na 1991 vifo vya wazazi vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000.

Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Katika zile zilizotumia njia mpya, wakunga hawakukisia damu kwa macho. Waliikinga katika mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, na hatari ilipoonekana walitoa tiba zote kwa pamoja. Jumla ya kutokwa damu kukubwa, upasuaji wa tumbo na vifo vilivyotokana nako ilikuwa pungufu kwa asilimia 60 kuliko katika hospitali zilizofuata desturi.

Kwa nchi nzima, uchunguzi wa mwaka 2015–16 ulikadiria vifo vya wazazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Kwa watoto wasiotimiza mwezi mmoja habari ni nyingine: vifo 25 kwa kila 1,000 katika uchunguzi wa kwanza, 24 katika wa pili. Wengi wao hufa katika juma la kwanza, wengine kabla hawajapewa jina wala kuandikwa popote.