Mgonjwa wa Kiharusi na Mpira wa Kooni

Mzee wako amepatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili umepooza. Umemfikisha hospitali kubwa. Sasa daktari anataka kuutazama moyo wake kwa kupitisha mpira kooni. Unashtuka. Ugonjwa uko kichwani, moyo unatafutiwa nini?

Sababu ipo. Mara nyingine damu huganda ndani ya moyo, hasa moyo ukipiga ovyo ovyo. Bonge dogo la damu husafiri na kuziba mshipa wa ubongo. Kama lipo jingine moyoni, mzee anaweza kupata kiharusi cha pili.

Kipimo hiki hutumia mawimbi ya sauti, kama kile cha mama mjamzito. Mara nyingi moyo hupimwa kwanza juu ya kifua. Hapo hakuna hatari. Lakini mbavu na mapafu huzuia kuona vizuri. Njia ya chakula hupita nyuma ya moyo, karibu kabisa. Mpira ukishuka humo, hata bonge dogo huonekana.

Je, ni salama? Kwa wagonjwa wengi, ndiyo. Njia ya chakula huchanika kwa chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Jambo la kuogopa zaidi ni kupaliwa. Kiharusi huweza kulegeza koo. Tena koo hutiwa ganzi, na mgonjwa hupewa dawa ya kusinzia. Akitapika, chakula huweza kuingia mapafuni. Wafugaji wanalijua hili. Mbuzi akinyweshwa dawa huku kichwa kimeinuliwa mno, dawa huweza kuingia mapafuni, na mbuzi huweza kufa.

Ndiyo maana mzee huambiwa asile kwa saa 6 au zaidi. Usimpe uji kwa siri kwa kumhurumia. Kama amekwisha kula, sema. Kipimo kitangoja.

Mweleze daktari pia kama chakula humkwama, kama ana meno ya bandia, au kama amewahi kutapika damu. Usione haya. Kichocho cha tumbo, ambacho kipo sana kando ya Ziwa Viktoria, huharibu ini na kuvimbisha mishipa ya damu katika njia ya chakula. Mpira unaweza kuipasua. Daktari akijua, huenda akachagua kipimo kingine.

Baada ya kipimo, asinywe hata maji mpaka ganzi iishe na muuguzi aruhusu. Koo huweza kuuma kidogo kwa siku moja au mbili. Lakini akitapika damu, akiumwa sana kifua au shingo, akipata homa au akihema kwa shida, mwite muuguzi mara moja. Kama mmekwisha rudi nyumbani, mrudishe hospitali mara moja.