Hati za Kusafiri Nje ya Nchi na Mjukuu

Wapo mababu na mabibi wa Cibitoke ambao, wakati wa likizo, huvuka mpaka wa Gatumba kwenda Uvira, au wa Mugina kuelekea Kigoma, wakiwa na wajukuu wao. Tunawakumbusha kwamba udugu wa damu pekee hautoshi: idhini ya kumtoa mtoto nchini ni ya wazazi, nayo huthibitishwa kwa maandishi.

Mtoto awe na paspoti au lesepase yake mwenyewe. Chukueni pia cheti chake cha kuzaliwa. Barua ya idhini ya wazazi wote wawili, iliyothibitishwa na mamlaka, ikitaja anayemsindikiza, mahali na muda wa safari. Pamoja na nakala za vitambulisho vyao. Mzazi aliyefariki, cheti chake cha kifo kiambatanishwe. Kongo hudai kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa kila aliyetimiza miezi 9.

Maswali yetu mpakani si dharau kwa mvi zenu. Mwizi wa watoto naye husema, “Huyu ni mjukuu wangu.” Burundi ina sheria dhidi ya biashara ya binadamu tangu 2014, na hati hizo ndizo zinazotuwezesha kuwatofautisha. Ziandaeni kabla ya kukata tiketi.