Uchovu wa Wauguzi Watoka Wapi?

Wengi wetu tumepata kulazwa hospitali, nasi twamjua muuguzi apitaye kitanda kwa kitanda usiku kucha. Pengine alitujibu kwa ukali, tukanung'unika kwamba hana huruma. Lakini yatupasa kuuliza sababu.

Ya kwanza ni wingi wa wagonjwa. Mwaka 2002 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za hospitali 168 za Pennsylvania. Waliona ya kuwa kila mgonjwa mmoja akiongezwa juu ya mzigo wa muuguzi, hatari ya waliopasuliwa kufa katika siku 30 yazidi kwa asilimia 7, na hatari ya muuguzi mwenyewe kuishiwa na moyo wa kazi yazidi kwa asilimia 23. Basi uchovu wake ni jambo la uzima na mauti kwetu sote.

Ya pili ni zamu ya usiku. Mwili umeumbwa kulala gizani. Naye hurudi asubuhi, akakuta jua, makelele, na kazi za nyumba zamngoja. Ya tatu ni lawama: dawa zikikosekana, jamaa za mgonjwa humkemea yeye aliye karibu, ingawa si yeye azinunuaye. Ya nne ni huzuni: amfumbapo maiti macho, mara huitwa kitanda cha pili, asipate hata nafasi ya kulia.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza kwamba uchovu huu si ugonjwa, bali ni tokeo la mashaka ya kazi yasiyotulizwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi, na kazi yenyewe kupungua ubora. Labda ule ukali tulioulaumu ni dalili ya pili.

Yethro alipomwona Musa akiamua watu tangu asubuhi hata jioni, hakumwambia avumilie tu, bali achague wasaidizi. California nayo, tangu mwaka 2004, yaweka kwa sheria mpaka wa wagonjwa kwa kila muuguzi.

Nasi nyumbani tuna sehemu yetu. Muuguzi wa jamaa yetu akitoka zamu, tumwachie chumba chenye giza na kimya, tumpunguzie kazi, na akitaka kusimulia ya usiku, tumsikilize. Na tuendapo kutazama wagonjwa, tumwamkie kwa heshima kabla ya kudai lolote.