Tuwaache wanafunzi wasomeane insha

Mwalimu wa Kiswahili mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi hamsini hamsini akiagiza insha moja tu, hujitwika madaftari 150. Akitumia dakika kumi kwa kila daftari, hizo ni saa 25 za kusahihisha, mbali na vipindi vyake vya kawaida. Si ajabu basi kwamba insha nyingi hurudishwa wakati mwandishi mwenyewe amekwisha kusahau alichotaka kusema.

Maoni yangu ni kwamba sehemu ya kazi hii ni ya wanafunzi wenyewe. Sisemi watoe alama. Mwanafunzi akipewa mamlaka ya kumtia mwenzake 8 kwa 20, kipindi kitageuka uwanja wa kulipizana visasi. Ninachopendekeza ni wasomeane rasimu kabla haijafika mezani pa mwalimu.

Wapo watakaouliza: kipofu atamwongozaje kipofu mwenzake? Swali hili lina uzito. Tumezoea kudhani kuwa kusahihisha ni kupiga mistari: miwili chini ya kosa la sarufi, mmoja chini ya kosa la tahajia, kama wafanyavyo watahini wa KCSE. Mwanafunzi akikabidhiwa kalamu nyekundu ataiga hayo hayo, na mara nyingine atalifuta lililo sahihi. Nimewaona wakibadilisha “mtu anayekuja” kuwa “mtu ambaye anayekuja”, wakiamini kwamba wanaipamba lugha.

Isitoshe, yako makosa ambayo wanafunzi wa eneo moja hawayaoni kabisa. Pale ambapo wengi hawatofautishi r na l katika matamshi, “kupiga kula” kutapita salama. Pale ambapo Sheng ndiyo lugha ya uwanjani, “kitabu yangu” haimkeri yeyote. Inafaa mwalimu awapange wanafunzi kwa kuchanganya lugha zao za kwanza. Na isipowezekana, sarufi aiweke mikononi mwake.

Lakini msomaji si mtahini. Mwanafunzi wa sekondari huenda asizijue vyema kanuni za upatanisho wa kisarufi, ila anajua ni wapi alipopotea njia katika kisa. Anajua kuwa huyu “yeye” wa aya ya tatu hajatajwa ni nani. Anajua pia kwamba yale mapambo ya kukariri, majogoo kuwika na ndege kuimba nyimbo tamu alfajiri, ameyasoma tayari katika madaftari matatu kabla ya hili. Mwalimu akiyakosoa, mwanafunzi hunung’unika kwamba mwalimu hapendi mtindo wake. Akicheka jirani yake wa dawati, yatafutwa siku hiyo hiyo.

Chuoni huwataka wanafunzi wangu waandike mambo mawili tu pembeni, kwa penseli: ni wapi walilazimika kusimama na kurudia kusoma, na ni jambo gani wangependa kuelezwa zaidi. Hawaruhusiwi kufuta neno la mwenzao. Mwenye insha ndiye aamuaye abadilishe nini, na akikataa, anipe sababu. Anayefaidika zaidi, kwa kadiri nilivyoona, ni yule msomaji, kwani pengo alilolikuta katika kazi ya mwenzake hulikuta katika yake pia jioni akiisoma upya.

Mzazi akiona maandishi ya penseli ya mtoto mwingine daftarini, huenda akalalamika kwamba mwalimu ni mvivu. Na aonyeshwe rasimu zote mbili, ile ya kwanza na iliyoifuata.