Mgonjwa Haulizwi Uji?

Wahenga walisema: mgonjwa haulizwi uji. Maneno hayo ni ya huruma: mpikie mgonjwa, mpelekee, wala usingoje akuombe. Lakini wako watu walioyageuza. Wanadhani kwamba mgonjwa hana la kuulizwa. Kazi yake ni kulala, kumeza dawa na kunyamaza. Je, ndivyo ilivyo? Na tutazame yaliyotokea katika nchi yetu wenyewe.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa ulienea Beni, Butembo, hata Ituri. Waganga walileta sheria kali, tena zenye maana, kwa kuwa maiti ya mtu aliyekufa kwa Ebola huambukiza sana. Lakini kwa wenyeji wengi sheria hizo zilifika kama amri tu. Mama alimwona mwanawe akichukuliwa na watu waliofunikwa uso. Kisha aliletewa habari ya kifo, na mfuko uliofungwa. Angejuaje kama mwanawe yumo ndani? Shaka ikazaa uvumi, uvumi ukazaa woga, woga ukazaa hasira. Wagonjwa wakafichwa majumbani. Vita vya miaka mingi na ugomvi wa siasa vikazidisha moto, na katika mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa.

Hapo ilionekana wazi kwamba dawa bila masikio haitoshi. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walipita katika mitaa wakikusanya maswali na malalamiko ya watu. Wenye msiba walitaka kitu kimoja: kuuona uso wa marehemu wao. Basi ikaletwa mifuko yenye dirisha angavu. Jambo dogo, lakini lilituliza mioyo mingi. Huko Beni vilitumika pia vyumba vyenye kuta angavu, ili ndugu waweze kumwona mgonjwa na kusema naye pasipo hatari. Nao waliopona waliitwa kazini: wakawalea watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa, wakawaeleza majirani yale waliyoyaona kwa macho yao. Nani angeweza kubishana nao?

Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 kati yao walikufa. Hatusemi kwamba kusikiliza peke yake kuliushinda. Chanjo ilifanya kazi kubwa. Lakini chanjo hudungwa katika mkono wa mtu aliyekubali, na mtu hukubali kwa yule anayemwamini.

Neno hili si geni. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata yakakiri kwamba watu wana haki, tena wajibu, wa kushiriki katika kupanga matunzo ya afya yao. Kwetu Kongo kila eneo la afya hutakiwa kuwa na kamati yake, iitwayo CODESA, ambamo wajumbe wa wananchi huketi pamoja na muuguzi msimamizi wa kituo.

Ndugu msomaji, je, wamjua mjumbe wako? Tuseme siku ya kuwapima wenye mimba imewekwa siku ile ile ya soko. Muuguzi atashangaa kuona wamama hawaji, atawaita wavivu. Mama mmoja akisema katika kamati, kosa litatengenezwa kwa dakika tano. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Lakini haki hiyo ina wajibu wake. Mjumbe asiende kutafuta posho wala sifa, wala asijifanye mganga. Kipimo cha dawa ni kazi ya aliyejifunza. Aseme kweli ya wenzake, hasa ya maskini na mjane asiyethubutu kusema, kisha awarudishie jibu.

Basi tuendelee kumpelekea mgonjwa uji kabla hajaomba. Ila tukifika kitandani pake, tumwulize kama aweza kuumeza.