Kumwambia Mtu Mzima Kwamba Kazi Haiendi

Maofisini kwetu zimejaa barua za onyo ambazo zingeweza kuepukwa kwa maneno ya dakika kumi. Mfanyakazi anachelewa Januari, hakuna anayesema. Machi bado anachelewa, na meneja anarusha fumbo katika kikao cha wote: "Wapo wenzetu humu ndani, wanajijua." Julai barua inatua mezani, ina muhuri na nakala kwa watu watatu, na mwandikiwa anashangaa kwelikweli, maana miezi yote hiyo alichosikia ni salamu na utani. Funika kombe mwanaharamu apite, tunaambiana. Kazini mwanaharamu hapiti. Anabaki kwenye orodha ya mishahara.

Kusita huku hakukuanzia kwetu. Mwaka 1970 wanasaikolojia wa Marekani Sidney Rosen na Abraham Tesser walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu ni wepesi wa kufikisha habari njema na wazito wa kufikisha mbaya, hata pale ambapo habari hiyo mbaya si kosa lao. Meneja naye ni mtu. Isipokuwa yeye analipwa ili aseme, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumfundisha kusema. Alipandishwa cheo kwa kuwa alikuwa fundi hodari au mhasibu makini, na kesho yake akakabidhiwa watu.

Kwetu kuna uzito mwingine juu ya huo, nao ni umri. Meneja ana miaka 32, mtunza stoo ana 57. Asubuhi kijana anaamkia "Shikamoo mzee", anaitikiwa "Marahaba mwanangu", kisha saa nne amwite mtu huyohuyo ofisini kumwambia kwamba anachelewa? Wengi hukimbilia njia mbili. Ya kwanza ni kumtuma mtu: "Hebu kaongee na mzee, wewe anakusikiliza." Kwenye posa na ugomvi wa ndoa, kutuma mtu ni desturi yenye heshima zake. Kazini, mzee anagundua kwamba amesemwa kabla ya kusemeshwa, na aliyetumwa anapunguza makali njiani hadi onyo linafika likiwa ushauri wa kirafiki. Njia ya pili ni kuhamia Kiingereza, lugha isiyomdai meneja shikamoo. Hapo kijana anapata ujasiri, mzee anaitikia kwa kichwa, na kila mmoja anatoka na lake.

Sheria zimeliona hili. Nchini Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama atakayemchagua. Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka tuhuma zielezwe kwa namna na lugha ambayo mfanyakazi anaweza kuielewa, apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na aruhusiwe kusaidiwa. Kwa utendaji duni zinadai zaidi: kabla ya kufikia kuachisha kazi, mtu awe ameelekezwa na kupewa nafasi ya kujirekebisha. Meneja aliyenyamaza miezi sita hana cha kuonyesha hapo.

Basi afundishwe vipi? Semina ya siku mbili hotelini, yenye slaidi na chai ya saa nne, humwachia daftari na cheti. Naiona ni fedha ya kupoteza. Mazungumzo magumu ni kazi ya mdomo, na mdomo hujifunza kwa kusema. Mwaka 1979 Gary Latham na Lise Saari walichapisha jaribio walilolifanya Marekani kwa wasimamizi wa ngazi ya chini. Wasimamizi 20 walipewa mafunzo kwanza, wengine 20 wakasubiri. Kilikuwa kipindi cha saa mbili kila wiki kwa wiki 9, kila wiki na mada yake: kurekebisha mazoea mabaya ya kazi, kumpokea mfanyakazi anayelalamika, kuzungumzia hatua za nidhamu na kadhalika. Walitazama filamu ya msimamizi akizungumza na mfanyakazi, wakaijadili, kisha wakaigiza wenyewe kwa wenyewe, tena kwa visa vilivyowapata kweli. Wakarudi kazini kuyajaribu kwa watu halisi, na wiki iliyofuata wakaja kueleza ilivyokwenda. Mwaka mmoja baadaye wakubwa wao waliwapima juu kuliko wale waliosubiri.

Filamu si lazima. Viti viwili vinatosha, na mtu mmoja anayeweza kuigiza mzee wa stoo bila huruma. Kijana anaanza: "Mzee, mambo ya kazi yanakwendaje? Nyumbani wazima? Sasa, unajua kampuni iko katika kipindi cha mabadiliko..." Dakika tatu zimepita na hajasema neno. Anasimamishwa, anaanza upya, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka sentensi ya kwanza inatoka safi: "Mzee wangu, nimekuita kwa jambo moja. Zamu inaanza saa moja. Wiki hizi mbili, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa umefika saa tatu, na aliyekesha amebaki akikusubiri. Naomba unieleze kuna nini."

Heshima haikupungua hapo. Shikamoo imebaki mahali pake na "mzee wangu" imebaki. Kilichoondoka ni mzunguko. Hakuna "siku zote unachelewa", wala "umekuwa mvivu". Zimetajwa siku, saa na aliyeumia.

Baada ya hapo kinakuja kilicho kigumu kuliko kusema, nacho ni kunyamaza. Karibu kila anayefanya zoezi hili kwa mara ya kwanza hujaza ukimya kwa kumjibia mwenzake: "Au labda ni foleni, najua barabara ile..." Mzee amepewa jibu, analichukua. Asubiri. Huenda mzee akasema kwamba siku hizo tatu anampeleka mkewe hospitali kusafishwa damu kwa sababu ya figo, na hakutaka shida za nyumbani zizungumzwe kazini. Mpangilio wa siku ulikuwa unalisema hilo kwenye daftari la mahudhurio, laiti lingesomwa. Hapo habari ya nidhamu inageuka kuwa habari ya kupanga zamu.

Na huenda hakuna mgonjwa yeyote, mzee anachelewa tu, tena anajibu: "Mwanangu, nilianza kazi hapa hujazaliwa." Hili nalo liigizwe, maana ndilo linalowaangusha vijana wengi. Jibu lisiwe ubishi wa vyeo. "Ni kweli mzee, na vijana wa stoo wanakutazama wewe. Zamu inaanza saa moja." Basi, arudi kwenye jambo.

Mbinu inayofundishwa sana, ya kusifu, kukosoa katikati, kisha kusifu tena, siipendi. Kwetu sifa ni sehemu ya adabu. Kosa likifunikwa juu na chini, mtu anaondoka amefurahi. Kukosoa kwenyewe si dawa ya hakika. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi kuhusu watu kuelezwa utendaji wao, wakakuta kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo utendaji ulishuka. Maelezo yao yanafaa kukumbukwa: mtu akianza kujifikiria yeye ni wa namna gani, badala ya kuifikiria kazi, anaharibikiwa.

Upo ushahidi pia kwamba mafunzo ya wakubwa humfikia mdogo hadi kitandani. Mwaka 2006 Jerald Greenberg alichapisha utafiti wa wauguzi 467 katika hospitali nne, ambamo mbili zilibadili mfumo wa malipo na kipato kikashuka. Waliopunguziwa walikosa usingizi. Lakini ambao wasimamizi wao walifundishwa kuwatendea kwa haki na heshima waliteseka kidogo kuliko wenzao waliopunguziwa vilevile, na nafuu hiyo ilikuwapo bado miezi sita baadaye. Mshahara haukurudishwa.

Mafunzo yamwonyeshe meneja pia mahali pa kusimama. Akiona maneno yanaelekea kwenye adhabu, asigeuze maongezi kuwa kikao cha nidhamu papo hapo. Amwambie mzee kwamba jambo hili sasa litafuata utaratibu, na zile saa 48 zianze kuhesabiwa. Yasipofika huko, aandike siku hiyohiyo mistari minne: tarehe, alichosema yeye, alichosema mzee, walichokubaliana na lini wataonana tena. Kwa Kiswahili, na nakala moja ampe mzee.